Mifuko 400 ya saruji na maneno ya babu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 29, nipo Dodoma, natunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu. Mjomba ni mtu mwema, ila maamuzi yake yatanitia wazimu. Mwezi wa kwanza, mvua zimekolea, alinunua mifuko 400 ya saruji kwa sababu bei ilishuka, akaipanga sakafuni bila chaga, mingine ikaegemea ukuta unaovuja. Nilimwambia itaganda. Zaidi ya nusu imeganda. Hilo ni moja tu, yapo mengi. Nilipomlalamikia babu alicheka, akasema nimshukuru Mungu kwa kunipa mpumbavu wa karibu, maana atanitia akili kuliko mwerevu wa mbali. Je, hili lina ukweli wowote kitaalamu, au ni maneno ya wazee ya kumtuliza mtu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na saruji. Hukusema babu huyo ni wa upande gani. Kama ni mzaa mama, basi huyo mpumbavu anayemtaja ni mwanawe wa kumzaa, na mzee ameanza kulisoma somo hilo kabla hujazaliwa. Mimi ningemsikiliza.

Babu yako ana kweli, ila amekupa nusu. Nusu ya pili mimi niliipata kwa aibu, na ni afadhali nikusimulie nilivyoipata kabla sijakutajia watafiti.

Nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu kwa miaka thelathini kasoro, somo langu saikolojia ya ujifunzaji. Kila mwaka tuliwafuata wanachuo kwenye shule walikokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Unakaa nyuma ya darasa kwenye dawati la watoto, magoti yanakaribia kidevu, unajaza fomu. Siku moja, darasa la tano, mwanachuo anafundisha kujumlisha sehemu. Ameandika ubaoni nusu kujumlisha theluthi. Akamwita mtoto mmoja mbele. Mtoto akachukua chaki, akaandika bila kusita: 1/2 + 1/3 = 2/5. Darasa zima likacheka. Mwanachuo akacheka. Na mimi, mtu mzima na kalamu nyekundu mkononi, nikacheka. Yule mtoto hakulia wala hakuinamisha kichwa. Alitutazama kwa mshangao, kama mtu aliyepanda basi sahihi halafu anaambiwa na abiria wote kwamba amepotea.

Wakati wa mapumziko nilimwita chini ya mwarobaini nikamuuliza: "Ile mbili juu ya tano umeipataje?"

Akanijibu: "Jumatatu mwalimu alitupa maswali mawili, nikapata moja. Jumanne akatupa matatu, nikapata moja. Ijumaa akajumlisha, akaniandikia mbili juu ya tano."

Nilikosa la kusema. Mtoto alikuwa sahihi kabisa! Alama za majaribio hujumlishwa hivyohivyo, na kila mwalimu nchi hii hufanya hivyo kwenye daftari lake la maendeleo. Mimi nilikuwa nimefundisha sehemu shule ya msingi miaka sita kabla ya kwenda chuoni. Kutafuta KDS (namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote), kufanya asili, yaani namba za chini, zifanane, kujumlisha viasi, yaani namba za juu: mambo hayo ningeyafanya hata usingizini. Lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nusu na theluthi za ubaoni tunazijumlisha vile kwa sababu tumekubaliana, bila kusema, kwamba zote mbili zimekatwa kwenye mkate mmoja, wa ukubwa uleule. Alama za Jumatatu na Jumanne ni mikate miwili tofauti, mmoja wa maswali mawili, mwingine wa matatu. Mtoto hakuambiwa sharti hilo. Hata mimi sikuambiwa. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikariri na yeye alifikiri.

Kosa lake nililielewa kwa sababu nilimuuliza amepitia njia gani. Nilipokuwa nacheka nyuma ya darasa sikuwa nimejifunza chochote, nilikuwa nimejifurahisha tu, na kwenye fomu yangu nilikuwa nimeandika "mwanafunzi hajui". Nusu aliyokuachia babu uitafute ni hii: kumwona mpumbavu hakutoshi. Kinachonoa ni kumuuliza, au kujiuliza, "hili lilimwingiaje akilini likaonekana la maana?" halafu kutazama kama njia hiyohiyo haipiti kwako.

Swali lako lenyewe ni la kale. Waislamu wengi wa pwani wamelisikia kupitia Luqman, yule mwenye hekima: aliulizwa adabu amejifunza kwa nani, akajibu, kwa wasio na adabu. Kila alichokiona kwao kikamchukiza, alijiepusha nacho. Mshairi wa Uajemi, Saadi wa Shiraz, ameiweka hadithi hiyo kwenye kitabu chake Gulistan, alichokimaliza mwaka 1258. Ni jibu zuri sana na mimi nalipenda, lakini nina ugomvi nalo mdogo. Kujiepusha na alilofanya mpumbavu kunakuondolea kosa moja tu, na makosa yaliyobaki ni mengi. Wewe sasa hivi, kwa hasira ya saruji, ukipewa duka kesho naamini hutanunua mzigo mkubwa kwa bei ya chini hata kiangazi, hata stoo iwe kavu kama tanuri. Huo nao utakuwa upumbavu uleule wa mjomba, uliogeuzwa ndani nje kama soksi.

Sasa twende kwa watafiti, maana umeuliza "kitaalamu".

Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambao siku hizi watu huutumia zaidi kutukanana kwenye simu. Waliwapima wanafunzi mantiki, sarufi na uwezo wa kutambua kichekesho kizuri, kisha wakawauliza kila mmoja anadhani amesimama wapi miongoni mwa wenzake. Kundi la mkiani, kwenye ngazi ya vidaraja 100 kuhesabu kutoka chini, kwa wastani lilikuwa kwenye cha 12 au hapo. Lenyewe lilidhani liko cha 62. Hapo ndipo wengi huishia, wanacheka, wanamtumia rafiki.

Kilichokuhusu wewe kiko ndani zaidi. Baada ya wiki kadhaa baadhi ya wale waliofanya jaribio la sarufi waliitwa tena, wakapewa karatasi za wenzao wazisahihishe, kisha wakaulizwa upya: sasa unadhani wewe uko wapi? Waliokuwa juu, ambao mwanzoni walijipunja, walipoona makosa ya wenzao walijirekebisha wakakaribia ukweli. Waliokuwa chini walisoma karatasi nzuri za wenzao, wakazirudisha, wasijishushe hata kidogo. Kwa hiyo kukutana na ujinga wa mwingine kulimsaidia aliyekuwa na kipimo tayari. Asiyekuwa nacho alipita mbele ya kioo bila kujiona. Na katika jaribio jingine walipowafundisha baadhi ya watu kanuni chache za mantiki, kwa muda mfupi tu, wale wa chini ndipo wakaanza kuona walipokosea.

Rudi stoo sasa. Wewe uliona upumbavu kwenye ile mifuko kwa sababu ulikwishajua saruji hunywa unyevu hata wa hewani. Asiyejua angesema wameuziwa saruji feki, au kuna mtu ametia mkono. Kwa hiyo babu akikuambia mpumbavu atakutia akili, muulize na yeye: akili ya kuanzia nitoe wapi? Hiyo hupatikana kwa fundi, kwa kitabu, kwa kuuliza kiwandani mifuko ipangwe mingapi kwenda juu. Mjomba peke yake hatakufikisha.

Watafiti hao walianza andiko lao na kisa cha mwizi wa Pittsburgh, McArthur Wheeler, aliyeingia benki mbili mwaka 1995 mchana kweupe bila kufunika uso. Alikuwa amejipaka maji ya limau akiamini kamera hazitamwona. Alishangaa sana polisi walipomwonyesha picha. Kicheke, ni halali yako. Ukishamaliza jiulize limau lilitoka wapi. Limau ni wino wa siri: ukiandikia karatasi maandishi hayaonekani mpaka uipashe moto. Yule bwana alishika jambo la kweli akalivusha mpaka mahali lisipofanya kazi. Mtoto wangu wa 2/5 alifanya hivyohivyo. Na mimi, kila nikichukua dawa iliyomponya jirani yangu nikaitumia kwa ugonjwa wangu ambao sijaupima, nanusa harufu ya limau.

Kisa kikubwa kuliko vyote, bahati yako, kiko karibu na wewe. Jumapili moja panda gari la kwenda Morogoro, ushuke Mbande, uchukue usafiri wa kwenda Kongwa. Wasomaji wa Biblia wanajua kwenye Mithali sura ya 24 yule mtu anayepita kando ya shamba la mvivu, anakuta miiba imetanda na ukuta umebomoka, anasimama, anatazama, anafikiri, anapata fundisho. Kongwa ni shamba la namna hiyo, ila si la mvivu. Ni la mwenye haraka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Serikali ya Waziri Mkuu Clement Attlee ikapitisha mpango wa kulima karanga Afrika Mashariki, sehemu kubwa hapa Tanganyika: zaidi ya ekari milioni 3. Ujumbe wa wataalamu ulikagua nchi kwa wiki chache, maeneo mengi ukiyatazama kutoka angani. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, na lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Waliletewa matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, yamekwishachoka. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya Ugogo vilikuwa na mizizi iliyovunja vyuma, mibuyu haikubali kung'oka, nyuki waliwatoa madereva mbio.

Halafu udongo. Udongo wa Kongwa hufanya kama saruji ya mjomba wako: upate maji kisha jua, unashikana. Karanga huzaa chini ya ardhi, na ukitaka kuzivuna lazima ardhi ikuachie. Ile haikuachia. Na mvua, ambazo Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia kuwa huja zinapotaka, zilikuja zilipotaka. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakiri kushindwa, ikafuta kwenye vitabu pauni milioni 36.

Ni rahisi kusema Wazungu wale walikuwa wapumbavu. Nimewasikiliza wazee wakisema hivyo kwa raha kubwa, na raha hiyo siwanyimi. Lakini uliza swali la mwarobaini: walipitia njia gani? Hawa walikuwa watu waliotoka kushinda vita. Walikuwa wamevusha majeshi baharini, wamejenga viwanja vya ndege kwa siku chache, wamezoea kwamba ukiwa na mashine nyingi, pesa na amri moja, hakuna kinachokushinda. Wakachukua akili iliyowafaa vitani wakaileta kwenye kichaka cha Kongwa. Limau lilelile. Tena nyumbani watu walikuwa wakipimiwa mafuta ya kula kwa kadi, na mtu mwenye njaa nyumbani haendi kwanza kulima nusu ekari ya majaribio asubiri misimu mitatu.

Jambo jingine ambalo wengi hukosea: walipoona kilichotokea, wapo waliohitimisha kwamba karanga hazikubali Dodoma. Nenda sokoni kwako leo ukaangalie karanga zinazouzwa zimelimwa wapi. Akina mama wa mkoa huo wanazilima kwa jembe la mkono, vishamba vidogo, kando ya mtama na uwele, na wanavuna. Kosa halikuwa karanga. Aliyejiepusha na karanga kwa sababu ya Kongwa aliondoka na fundisho lisilo lake.

Sasa nikuguse wewe mwenyewe, na usinikasirikie. Umesema ulimwambia mjomba saruji itaganda. Nakuamini. Lakini ulimwambia mangapi mengine mwaka huu? Na mangapi hayakutokea? Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliwapa watu habari ya vita ya zamani kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal. Kila kundi liliambiwa mwisho wake tofauti, kisha watu wakaulizwa, kama wasingeambiwa, wangetarajia mwisho upi. Kila kundi lilielekea kuona kwamba mwisho lililoambiwa ndio uliokuwa ukionekana tangu mwanzo, hata pale mwisho huo ulipokuwa wa uongo. Ndivyo sisi sote tulivyo. Saruji ikishaganda, kumbukumbu yetu hujipaka rangi.

Kwa hiyo nunua daftari la shilingi mia tano. Siku mjomba akifanya uamuzi unaouona wa kijinga, kabla matokeo hayajaonekana, andika tarehe, alichoamua, unachodhani kitatokea, na kwa nini. Acha nafasi. Miezi mitatu ikipita rudi ujaze kilichotokea kweli. Nina hakika utakuta sehemu alizokosea ni nyingi. Lakini utakuta pia sehemu mbili au tatu ambapo alifanya jambo la kijinga na likamletea faida, na hapo ndipo daftari litakapokulipa, kwa sababu itabidi uchague: alikuwa na bahati, au anajua jambo la wateja wake ambalo wewe wa stoo hulijui? Mimi nilianza daftari langu mwaka uleule wa mtoto wa mwarobaini, nikiandika ninavyodhani kila mwanachuo atafanya kazini. Sitakuambia nilipata ngapi. Waliokuja kuwa walimu bora wengi niliwaandika "wastani".

Kuna wakati upumbavu haunoi bali unakula. Mwanasaikolojia Solomon Asch, miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mistari akawauliza upi unalingana na upi, jambo analoliona hata mtoto. Ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa wajibu vibaya kwa sauti moja. Karibu robo tatu ya waliopimwa walikubaliana na jibu la uongo angalau mara moja, macho yao yakiona. Lakini akiwepo hata mtu mmoja tu anayesema ukweli, kukubali kule kulipungua sana. Kwa hiyo tazama dukani kwenu. Kama mjomba akikosea kila mtu husema "ndiyo bosi", na wewe umeanza kuona kupanga saruji sakafuni si vibaya sana, basi hunolewi tena. Tafuta mtu mmoja, fundi, mhasibu, hata dereva wa kirikuu anayeona stoo nyingi mjini, mzungumze naye mambo kama yalivyo. Na kama unalala huna usingizi, kichwa kinauma, mshahara unakatwa kwa hasara usiyoifanya, ondoka. Babu hakukuambia ukae mpaka uvunjike.

Ila kabla ya kuondoka fanya jambo moja ambalo sioni mahali umesema umelifanya. Ulimwambia mjomba itaganda. Hukumuuliza kwa nini anainunua. Ulimwambia wakati gani, mbele ya nani? Kama ni mbele ya wateja au vibarua, mjomba gani wa Kitanzania angekubali kurekebishwa na mpwa wake pale? Huenda angeongeza mifuko mia.

Mngoje jioni mkishafunga, akiwa ameketi na kikombe chake cha chai. Usitaje kuganda. Mwambie, "Mjomba, nataka kujifunza biashara. Ile bei ya saruji ulipoiona uliwaza nini?" Kisha nyamaza mpaka amalize, hata akianza kukusimulia tangu duka lilipokuwa kibanda. Pengine mwaka fulani alichelewa kununua, bei ikapanda, akapoteza mteja mkubwa, na tangu hapo bei ikishuka mkono wake hutangulia. Pengine hajawahi kuwa na stoo yenye ukuta mbovu na hajui kama unavuja. Pengine kweli hana sababu yoyote, na hilo nalo utakuwa umelijua badala ya kulidhania.

Niandikie alichokujibu. Na uniambie bei ilikuwa imeshuka mpaka shilingi ngapi mfuko, maana umetaja mifuko 400 na hukutaja bei, na mimi sijaacha kujiuliza kama ningekuwa yeye ningeiacha ipite.